Nguvu ya Ngumi ama Stori za Jaba? Vile Kamera na Projekta Zinakuonyesha Kung Fu Ikiwaka

Kama umewahi kukaa kwa kibanda cha video ukimsikiza DJ Afro akitafsiri filamu ya Kichina, hii unaijua. Mzee wa ndevu nyeupe anavuta pumzi, mikono inaanza kuwaka, anasukuma hewa tu na wasee kumi wanabandikwa ukutani. Ukitoka hapo unajaribu kwa ndugu yako mdogo na haanguki. Anakucheka.

Lakini kuna watu wamechukua hiyo ndoto wakaifanya kazi ya sayansi na sanaa. Mpiganaji anasimama mbele ya ukuta, kamera inamfuata, kompyuta inapiga hesabu, na projekta inarusha moto, moshi ama kitambaa cha mwanga nyuma ya ngumi yake. Hakuna filamu ya kuhariri. Anapiga, ukuta unajibu.

Hapa chini ni kila kitu cha kujua: ilitoka wapi, inafanyaje kazi, utahitaji nini ukitaka kuijaribu Embu mjini ama Makutano kule Meru, na kwa nini hii story inawahusu pia wapiga ngoma wa Chuka.

Chi ni nini, na kamera inaona nini?

Wachina wanaiita chi, Wajapani ki. Kwa mafunzo ya zamani ni pumzi ama nguvu ya uhai inayozunguka mwilini. Wengi wanaofundisha tai chi na kung fu hutumia hilo neno kukufundisha kupumua, kusimama vizuri na kulegeza mabega. Hapo hakuna ubaya.

Shida inaanza mtu akikuambia anaweza kukuangusha bila kukugusa. Aprili 2017, mji wa Chengdu, Uchina, mpiganaji wa MMA anayeitwa Xu Xiaodong alipambana na Wei Lei, mwalimu wa tai chi. Iliisha kabla sekunde 30 hazijafika, Wei Lei akiwa chini. Video ilizunguka dunia nzima. Hiyo ya kuangusha watu kwa hewa ni stori za jaba, na sisi watu wa upande huu tunazijua stori za jaba kuliko mtu yeyote.

Sasa, kamera haioni chi. Inaona mwili ukisonga. Na mwili ukisonga una nguvu ya kweli, ile ya darasa la fizikia: nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Mimi chuo niliacha katikati, lakini hii haihitaji digrii. Chukua mkono wa kilo 3. Ukienda kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde, nguvu yake ni jouli 24. Ongeza kasi ifike mita 8 kwa sekunde, nguvu haiwi 48. Inakuwa 96. Kasi mara mbili, nguvu mara nne. Ndio maana jamaa mwembamba mwenye kasi anaweza kukutoa meno.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya huu mchezo: rangi ifuate hesabu. Moto ukiwaka kwa sababu ngumi imeongeza kasi, unaonyesha kitu cha ukweli. Ukiwaka kwa sababu msee wa kompyuta amebonyeza kitufe, hiyo ni disko tu.

Ilitoka wapi?

Usidhani ni kitu cha jana. Miaka ya 1880, Mfaransa Étienne-Jules Marey alimvalisha mtu nguo nyeusi kuanzia kichwani, akamchorea mistari myeupe kwenye mikono na miguu, akamwambia atembee mbele ya ukuta mweusi. Alipiga picha nyingi haraka haraka juu ya bamba moja. Mtu akapotea, ikabaki mistari inayofuatana kama feni iliyofunguka. Mwendo wenyewe ukaonekana.

Ukitaka kuielewa vizuri, fikiria picha ya barabara iliyopigwa usiku kamera ikiachwa wazi sekunde kadhaa. Boda yenyewe haionekani, lakini taa yake imechora mstari mrefu mwekundu kutoka stejini mpaka kwa kona. Marey alikuwa anafanya hivyo na mwili wa binadamu.

Baadaye zikaja suti zenye vidoti vinavyong'aa na kamera nyingi kuzunguka chumba, zile zinazotumika kutengeneza filamu na gemu. Hizo ni za wenye pesa. Kilichoangusha ukuta ni kifaa cha gemu: Novemba 2010 Microsoft ilianza kuuza Kinect, kamera ya Xbox inayorusha mwanga usioonekana na kupima umbali wa kila sehemu ya mwili. Ndani ya wiki chache wasee wa programu walikuwa wameifungua ifanye kazi kwa kompyuta yoyote. Wasanii wakaingia na miguu yote miwili.

Kazi iliyofanya watu wengi waijue hii sanaa ilitoka Hong Kong. Kule walikuwa na shida kubwa: walimu wa mitindo ya zamani walikuwa wanazeeka, na wengine hawakuwa na wanafunzi wa kuwarithi. Kuanzia 2012, shirika linaloitwa International Guoshu Association na Chuo Kikuu cha City cha Hong Kong walianza kuwarekodi wazee hao kwa sensa, kiungo kwa kiungo, na kuhifadhi data. Mwaka 2016 msanii Mjerumani Tobias Gremmler alichukua sehemu ya data hiyo akatengeneza video ambapo mwili wenyewe hauonekani kabisa. Unaona kitambaa kikipepea, vumbi la mwanga likiruka, nondo zikijipanga hewani, lakini macho yako yanajua hapo ndani kuna mzee anapiga kung fu. Ukiicheki hiyo video unaelewa kitu: hata ukimtoa mtu, mtindo wake unabaki.

Hata katuni zimefanya kitu cha karibu. Wale wa Avatar: The Last Airbender, iliyoanza 2005, hawakubuni tu. Watu wa maji wanatumia miondoko ya tai chi, wa ardhi wanatumia Hung Gar. Ndio maana ile nguvu inakaa ni kama ina uzito.

Mfumo unafanyaje kazi?

Gawa kwa hatua nne.

1. *Kuona.* Kamera inakupiga picha mfululizo. Simu ya kawaida hupiga fremu 30 kwa sekunde. Ngumi ya mita 6 kwa sekunde inasonga sentimita 20 kati ya fremu moja na nyingine, kwa hivyo utakosa mengi. Kwa fremu 60 ni sentimita 10. Kwa ile ya kurekodi polepole ya fremu 240 ni sentimita 2 na nusu. Kwa kusoma mbinu tumia 240. Kwa shoo ya papo hapo, 60 iko sawa.

2. *Kutambua viungo.* Programu inatafuta bega, kiwiko, kifundo, nyonga, goti. MediaPipe ya Google ni ya bure, inaweka alama 33 kwenye mwili, na inahitaji kamera moja tu bila suti yoyote. Udhaifu wake ni kwamba umbali wa mbele na nyuma inakisia. Ngumi inayoenda moja kwa moja kwa lenzi inaisumbua. Kwa hivyo mrekodi mtu kutoka ubavuni.

3. *Kupiga hesabu.* Kiungo kilikuwa wapi kwa fremu iliyopita, kiko wapi sasa, gawa kwa muda: hiyo ni kasi. Alama za kamera hutetemeka kidogo hata ukisimama kama mlingoti, kwa hivyo chukua wastani wa fremu tatu ama nne. Usipofanya hivyo utaona moto ukiwaka kwa mtu aliyelala.

4. *Kuchora na kurusha.* Hapa unaamua kasi itakuwa nini: rangi, urefu wa mkia, idadi ya cheche. Processing, ambayo ilianza 2001 kwa ajili ya wasanii, ni ya bure na ni rahisi kwa mtu anayeanza. Blender nayo ni ya bure, na ni nzuri kama unatengeneza video ya kutazamwa baadaye. Projekta inamaliza kazi kwa ukuta.

Mbona mwanga unachelewa?

Hii ndiyo huvunja watu moyo. Kamera inachukua muda, kompyuta inachukua muda, projekta inachukua muda. Ukijumlisha yote ufike sehemu moja ya kumi ya sekunde, ngumi ya mita 6 kwa sekunde imeshaenda sentimita 60 mbele. Yaani moto uko kwa kiwiko na ngumi imefika Nkubu.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuweka projekta kwenye mpangilio wa gemu, kama inao, na kuzima kila programu nyingine kwa laptopu. Ya pili ni ya kijanja: chora vitu ambavyo kwa asili hubaki nyuma. Moshi, kitambaa, mkia wa nyota, maji. Hakuna mtu anatarajia moshi uwe mbele ya ngumi. Ucheleweshaji unageuka urembo.

Shida ya pili: kamera ikiwa inaangalia ukuta uleule projekta inaurusha, itaona michoro yako na kudhani ni watu. Weka kamera pembeni ili ukuta usiingie kwa picha. Ama tumia Kinect ya mtumba, kwa sababu mwanga wake usioonekana hausumbuliwi na rangi za projekta. Lakini jua la mchana linaimaliza kabisa, kwa hivyo sahau kuitumia uwanjani Kinoru saa saba.

Utahitaji nini ukiwa Meru ama Embu?

Wengi wetu tunafanya mazoezi kwa ukumbi wa kanisa, darasa lililoondolewa madawati, ama nyasi za shule. Hizo sehemu zinatosha. Cheki hii orodha:

- Ukuta mmoja wa rangi nyepesi. Kama haupo, shuka nyeupe iliyokazwa inafanya kazi.
- Giza. Funga madirisha ama subiri jioni. Projekta ndogo mbele ya jua ni kama tochi mchana.
- Taa moja ya kumwangazia mpiganaji kutoka ubavuni. Kamera za simu zikikosa mwanga hupoteza viungo, na kwa ngozi nyeusi mbele ya ukuta wenye giza hupoteza haraka zaidi. Kosa ni la mwanga, na la mwanga hurekebishika.
- Nguo za kubana, za rangi tofauti na ukuta. Ile sare nyeupe pana ya karate inaficha magoti na nyonga.
- Laptopu na simu. Projekta si lazima ununue. Makanisa mengi yanazo, shule nyingi pia, na watu wa kukodisha vyombo vya harusi.
- Nyaya zibandikwe sakafuni kwa gundi. Mtu anaruka teke la kuzunguka halafu anashukia waya. Hiyo si shoo, hiyo ni hospitali.
- Betri ya laptopu iliyojaa, na ukumbuke projekta nyingi hazina betri. Stima ya hapa unaijua.

Watu je? Upande huu wa Embu na Meru kuna vyuo vikuu kama cha Embu, cha Chuka, na cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru. Ndani ya vyuo kuna watu wanaosoma kompyuta, na mtaani kuna watu wanaopiga mateke. Wakati mwingi hawa wawili hawajawahi kuongea. Hapo ndipo kazi iko.

Inasaidia nini kando na kupendeza?

Kwanza, inafundisha. Ngumi nzuri haianzi mkononi. Inaanza mguu ukisukuma ardhi, inapita nyonga, bega, kiwiko, inafika ngumi. Kila kiungo kinafika kilele cha kasi kwa zamu. Weka rangi tofauti kwa kila kiungo, halafu angalia ni ipi inawaka mwanzo. Kama ngumi inawaka kabla ya nyonga, unapiga kwa mkono mtupu. Kochi amekuambia miaka miwili na hukuelewa. Ukuta utakuambia kwa sekunde moja.

Pili, inaleta watu. Taekwondo imeshaipeleka Kenya Olimpiki: Mildred Alango na Dickson Wamwiri walikuwa Beijing 2008, na Faith Ogallo akawa kwa michezo ya Tokyo 2020, iliyofanyika 2021. Bado, ukiwa mtazamaji wa kawaida, mateke yanapita haraka na huelewi ni nani amepata pointi. Mwanga unaomfuata mpiganaji unamsaidia mama yako kuelewa kwa nini ulilipia mkanda mpya.

Lakini usichanganye hii na mashine ya pointi. Tangu London 2012, taekwondo ya Olimpiki hutumia fulana zenye sensa na soksi maalum, na fulana inapima kishindo chenyewe. Kamera inapima mwendo peke yake. Teke linaloonekana moto kwa ukuta linaweza kuwa halina kitu likigusa. Kamera isikudanganye kwamba uko tayari kwa pambano.

Chuka, ngoma, na swali la nani anamiliki mwendo

Rudi kwa wale wazee wa Hong Kong. Walirekodiwa kwa sababu mwalimu akifa bila mwanafunzi, mtindo unazikwa naye. Sasa angalia hapa kwetu.

Katikati ya Embu na Meru wako wapiga ngoma wa Chuka. Umewaona kwa sherehe za kitaifa: ngoma ndefu imebanwa katikati ya mapaja, mikono inapiga, mwili mzima unatikisika, na mstari wote unasonga pamoja. Ile si burudani tu. Ni nguvu inayoanzia nyonga, ileile kochi anakutafutia. Kwa mfumo wa kamera ni mtihani mgumu pia, kwa sababu ngoma inaficha miguu, kwa hivyo utahitaji kamera mbili, moja kila upande.

Na jumba la makumbusho la Meru mjini, lile lililo kwa ofisi ya zamani ya DC, linakupa historia ya Wameru ukitaka kujua ulikotoka. Mkuki unaweza kuutundika ukutani miaka mia. Vile nthaka, yaani wale vijana wapiganaji, walivyousimamisha, walivyozunguka na ngao, hilo haliwezi kutundikwa. Linakaa kwa mwili wa mtu, na huyo mtu anazeeka.

Kwa hivyo rekodi, lakini kwa heshima. Mwendo wa mtu ni data yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini kabla ya kukusanya data binafsi, na kama ni mtoto, idhini ya mzazi ama mlezi. Kuna nyingine wengi hawaijui: sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na utamaduni, inayosema jamii iulizwe kwanza kabla ya mtu kutumia utamaduni wake. Yaani huwezi kumrekodi mzee wa Chuka Jumamosi, ukauza mwendo wake kwa kampuni ya gemu Jumatatu, halafu yeye anabaki na soda.

Fanya hivi: keti na kikundi, waeleze unarekodi nini, itatumika wapi, pesa ikiingia itagawanywa vipi. Andikeni. Waachie nakala ya data, si video tu. Kama hawataki sehemu fulani irekodiwe, zima kamera bila maswali.

Anza na ngumi moja

Usianze na shoo kubwa. Jioni moja wiki hii, weka simu ubavuni mwa rafiki yako, fremu 240, taa moja, nguo ya kubana. Apige ngumi kumi za mkono mmoja. Pitisha video kwa MediaPipe, toa kasi ya nyonga na ya ngumi, chora mistari miwili tu: nyekundu kwa nyonga, bluu kwa ngumi. Angalia ni ipi inapanda kwanza.

Kama nyekundu iko mbele kwa zote kumi, huyo rafiki heshimu. Kama bluu ndiyo inatangulia, mwonyeshe ukuta, arudie kumi zingine. Ikibadilika hata kidogo, ujue umefundisha mtu kitu bila kumpigia kelele. Moshi na cheche utaongeza baadaye.